Shairi la Babu Karani: kisa cha kipande cha gazeti la Mambo Leo

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kopo la biskuti ambalo sisi wajukuu hatukuwahi kukuta biskuti ndani yake. Mlikuwa na kadi za kliniki, risiti za kodi ya kichwa, shanga zilizokatika uzi, na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo ikatoboka. Nyumbani kwetu Tanga kila mtu alijua kwamba kile kipande ni "shairi la Babu Karani", yaani baba yake bibi. Maneno yake tuliyajua pia, kwa sababu bibi alikuwa akilighani huku anachambua mchele. Lakini lilitoka gazeti gani, mwaka gani, na babu aliliandika kwa sababu gani, hilo halikuwa na mwenye jibu.

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa urefu, pamoja na kosa langu, kwa sababu watu wengi wakisikia magazeti ya zamani yanafaa kutafutia ukoo hudhani kazi ni kwenda maktaba, kutafuta jina, kupiga picha, kurudi nyumbani. Mimi nilifanya hivyo. Nikarudi na babu wa watu wengine.

Tulichokuwa nacho

Hadithi ya familia ilikuwa na nguzo nne. Babu Karani "alikuja na Mjerumani". Kwao ni Mrima. Alifanya kazi ya ukarani wa serikali hapo Tanga mpaka akaiacha mwenyewe, kwa uchungu wa kufiwa na mwanawe wa kwanza wa kiume mwaka wa nzige. Na lile shairi ndilo aliloandika kumlilia huyo mtoto.

Ukizitazama vizuri, kila nguzo ina ufa. Mrima ni pwani ndefu mno. Kumwambia mtu kwenu ni Mrima ni sawa na kumwambia kwenu ni ufukweni. "Kuja na Mjerumani" kunaweza kuwa kuja kama askari, mpagazi, mtumishi wa nyumbani au mwanafunzi. Nzige nao hawakuja mara moja. Walikuja miaka ya 1890, wakaja tena mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, kwa hiyo "mwaka wa nzige" bila neno lingine unaweza kukutupa mbali kwa kizazi kizima.

Kipande chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Upande mmoja shairi, beti tano zinazosomeka, za mistari minne minne. Chini kilichanika, na mchaniko ulipita pale pale ambapo watunzi wetu huweka majina yao. Zilibaki herufi mbili za mwanzo. Herufi hizo hazikulingana na jina la babu.

Hilo la mwisho nililiona tangu siku ya kwanza, nikalipuuza.

Kosa

Mwaka 2014 bibi alikuwa anakaribia miaka tisini, na mimi nilikuwa na haraka. Nikaanza na jina la babu na jina la baba yake, nikapekua magazeti ya miaka ya 1920 kila nilipoyapata. Baada ya siku kadhaa nikakuta tangazo fupi la kifo: jina lile lile, jina la baba lile lile, kazi karani, mahali Pangani. Nilifurahi mpaka mikono ikatetemeka. Wiki ile kulikuwa na khitma nyumbani. Nikasimama mbele ya watu wazima nikasema nimempata babu, kwao ni Pangani na kaburi lake liko huko.

Mama mdogo alianza kulia. Bibi alinyamaza kwanza, kisha akaniita kando.

"Mwanangu, kaburi la baba halipo Pangani. Nalifagia mwenyewe kila mwezi wa Shaabani, na wewe ulinishikia ufagio."

"Ni kweli bibi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Lakini yule uliyemtangaza ana watoto wake. Nao wanamtafuta."

Maneno hayo yalinikaa. Sikumkosea bibi peke yake. Nilikuwa nimemchukua marehemu wa watu nikamzika kwetu. Na kilichonisikitisha zaidi ni kwamba ningeweza kulizuia kwa hesabu ya dakika moja: yule wa Pangani alifariki miaka kadhaa kabla mdogo wake bibi hajazaliwa.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa wa kazi hii kwetu. Magazeti ya wakati ule yaliwataja watu wa pwani kwa jina lao na la baba, basi. Hakuna jina la ukoo. Majina yenyewe ni yale yale machache yanayozunguka: wako akina Juma bin Hamisi wangapi kati ya Vanga na Mikindani? Tena mchapaji mmoja huandika Hamisi, mwingine Khamis. Muhamadi akawa Mohamedi toleo linalofuata. Jina kwenye gazeti la zamani ni dalili tu. Linahitaji kushikwa na mambo mawili matatu mengine: kazi, mji, umri, jina la mke, jina la shehe aliyemsomesha, chochote. Mimi nilikuwa na jina na kazi, na makarani hawakuwa wachache.

Kutafuta mwaka

Niliporudi mezani niliacha jina nikakishika kipande chenyewe. Safari hii nilikigeuza.

Upande wa pili wa kipande cha gazeti ni mali ambayo watu wengi hawaijui. Aliyekata alikata kwa ajili ya shairi, lakini mkasi ulichukua na kilichokuwa nyuma, na kile cha nyuma hakikuchaguliwa na mtu, kwa hiyo hakina upendeleo. Kwetu zilikuwepo nusu sentensi sita au saba kuhusu ziara ya mkubwa fulani. Kwa kioo cha kukuzia nikasoma neno Gavana, na baada yake jina: Symes.

Sir Stewart Symes alikuwa Gavana wa Tanganyika kuanzia 1931, baada ya Sir Donald Cameron, hadi 1934. Kwa neno moja, miaka arobaini ya kutangatanga ikageuka kuwa mitatu. Na nzige walioingia hapo ni wale wa awamu ya pili. Nguzo moja ya familia ikasimama wima.

Tahajia ilisaidia pia. Kamati ya lugha iliyosimamia Kiswahili Sanifu ilianza kazi 1930, na machapisho ya serikali yakaanza kufuata namna moja ya kuandika. Kipande chetu kiliandikwa karibu kama tunavyoandika leo. Kingekuwa cha wakati wa Mjerumani ningetarajia mambo mengine: Daressalam kwa neno moja, bei kwa rupia na heller. Mtu mwenye kipande kisicho na tarehe aanzie hapo, kwenye fedha, vyeo na herufi. Heller zilikuja 1904 na zikaenda na utawala wao. Shilingi na senti zikaja mwanzoni mwa miaka ya 1920. Liwali, akida na jumbe nao wana nyakati zao, kwa sababu Cameron aliufumua utaratibu wa maakida alipoleta utawala wa wenyeji katikati ya miaka ya 1920.

Ni gazeti gani? Kiongozi, lililochapwa hapa hapa Tanga kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, lilikoma wakati wa vita ya kwanza. Gazeti la Kwetu, la Erica Fiah, lilianza 1937. Habari za Mwezi lilikuwa la wamisionari Waanglikana wa UMCA kule Magila, na babu alikuwa Mwislamu aliyeishi mjini. Kwa shairi la karani wa serikali mwanzoni mwa miaka ya 1930, dau kubwa lilikuwa moja: Mambo Leo, gazeti la kila mwezi la idara ya elimu lililoanza Dar es Salaam Januari 1923. Ndilo lililochapisha mashairi ya walimu, makarani, matarishi na wakulima kutoka kila pembe ya nchi. Ndiko Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Machui, aliyeingia ukarani wa forodha 1926, alikosomwa na watu kabla ya kuwa na vitabu.

Matoleo ya miaka mitatu ni thelathini na sita. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira, lakini ni kazi yenye mwisho.

Ukurasa mzima

Nilisoma matoleo yaliyojalidiwa, karatasi zimekuwa za rangi ya chai, kingo zinavunjika ukizigusa vibaya. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, macho yangu yakakutana na mstari wa kwanza wa mashairi ambayo nimeyasikia tangu nikiwa na meno ya utoto. Nikainuka nikatoka nje kupumua kwanza.

Shairi zima lilikuwa na beti saba, na sisi tulikuwa na tano. Ubeti wa mwisho, ule uliochanika, ulikuwa na lakabu. Babu hakutia jina lake; alijiita kwa jina la ndege mmoja wa kuwinda, ambalo nalihifadhi kwa ajili ya wajukuu wake walio hai. Zile herufi mbili nilizozipuuza zilikuwa mwanzo wa jina la ndege huyo. Ningetafuta kwa jina lake la kuzaliwa hata miaka kumi nisingempata. Watunzi wengi wa magazeti walijificha namna hiyo, K. H. A. Akilimali, aliyesomwa nchi nzima, alijiita Snow-White. Usiku ule nikampigia bibi simu, nikamtajia yule ndege bila kumwambia kwa nini. Akacheka. Akasema kulikuwa na rafiki wa baba yake ambaye akibisha hodi alikuwa akiuliza kama ndege huyo yumo kiotani.

Sikumwuliza, "Je, baba aliitwa hivi?" Mzee aliyekupenda atakujibu ndiyo ili ufurahi. Nilimtajia ndege nikanyamaza, na jibu lake likaja na mlango, sauti na mtu aliyesimama nje. Nalipa uzito mkubwa jibu la namna hiyo.

Ubeti mwingine tusioujua ulikuwa wa sita. Haukumtaja mtoto wala kaburi. Ulitaja meza na kalamu. Mtunzi anawauliza wenzake mtu aliyezoea wino aupeleke wapi mkono wake wino ukikatika. Beti tano za mwanzo, zenye kulia juu ya dunia inayogeuka na mti unaopukutika, zilifaa kabisa kwa msiba. Kwa huu wa sita zikapata sura nyingine.

Hapo nikafanya jambo ambalo naona ndilo lililokiokoa kisa chote: sikufunga lile jalada. Mashairi ya Mambo Leo hayakuwa ya kusoma na kuweka. Mtu alitupa swali, wenzake wakajibu, mara nyingi kwa bahari ile ile, yaani mtindo ule ule wa utunzi, na vina vile vile, na mazungumzo yakaendelea miezi. Barua zilichukua muda. Reli ya Tanga haikuunganishwa na Reli ya Kati hadi miaka ya 1960, hivyo bahasha ya Tanga ilisafiri kwa njia ya pwani. Nikajiambia nisome mwaka mzima mbele.

Miezi mitatu baadaye jibu la kwanza lilikuwepo, la mtu wa bara aliyetoa nasaha za kawaida. Toleo lililofuata lilikuwa na la pili, kutoka Lindi. Huyu alimjua. Alimwita mwana wa Kivinje. Alimkumbusha kwamba waliondoka kwao wadogo, jahazi moja, na mwalimu mmoja. Alimpa pole kwa kupunguzwa kazini, wazi wazi, bila fumbo, na kumwambia mnazi haumwulizi mtu cheti.

Kupunguzwa kazini. Uchumi wa dunia ulianguka kuanzia 1929, bei ya mkonge ikaporomoka, na serikali ya Tanganyika ikapunguza watumishi ili kubana matumizi. Babu Karani hakuacha kazi. Kazi ilimwacha.

Uzito wa ushahidi

Shairi si cheti cha kuzaliwa, na sikutaka kurudia kosa la Pangani. Kwa hiyo nililipinga jibu la Lindi kama wakili wa upande wa pili. Mosi, "mwana wa" katika ushairi huweza kuwa taswira. Kivinje ni jina la mji, lakini mvinje ni mti, na watunzi hupenda kucheza na miti. Pili, hata kama ni Kilwa Kivinje, huenda alikaa tu. Tatu, mimi nilitamani iwe kweli, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi.

Uthibitisho ulitoka koponi. Kati ya zile risiti za kodi tulizokuwa tukizichezea utotoni kulikuwa na karatasi tatu ndogo za posta, za fedha zilizotumwa kutoka Tanga, na mahali pa kupelekwa pameandikwa kwa mkono: Kilwa. Zilikuwepo siku zote. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuziuliza. Mtu hatumi fedha mara tatu mahali asipokuwa na mtu, na hizi hazikutoka gazetini wala kwenye kumbukumbu ya bibi, kwa hiyo ni shahidi wa tatu anayejitegemea.

"Kuja na Mjerumani" nako kukaeleweka. Shule ya serikali ya Tanga ilifunguliwa 1892 na ikawa kubwa kuliko zote za pwani, ikitoa walimu na makarani. Wavulana wawili wanaopanda jahazi na mwalimu kuelekea kaskazini, mmoja akaishia karani wa Tanga: sisemi nimethibitisha alisoma pale, nasema hiyo ndiyo maana iliyo karibu zaidi na maneno ya wazee, na majina ya wanafunzi ndiko nitakakotafuta tena.

Vipi kuhusu mtoto? Hapa baadhi ya ndugu walitaka gazeti liifute hadithi ya bibi, nami nilikataa. Mtoto alifariki, bibi anakumbuka jeneza dogo na nzige juu ya paa la makuti. Misiba miwili ilimpata mtu mmoja katika muda mfupi, na nyumbani ukabaki ule unaoweza kusemwa mbele ya wageni. Kufiwa si aibu. Kuambiwa usirudi mezani kwako kesho, kwa mtu aliyeitwa Karani na mji mzima, nadhani ndicho alichokificha. Watoto wake waliendelea kumwita Karani miaka yote aliyopanda minazi.

Kuna mtu mmoja gazeti halikumpa hata neno. Mke wake, mama yake bibi, hayumo. Nilisoma matoleo yote yale. Wanawake walipita kama mke wa fulani, binti wa fulani, au kama mafunzo ya namna ya kulea mtoto. Waliotuma mashairi na barua walikuwa karibu wote wanaume waliopita shule. Hili linaniuma, kwa sababu ndiye aliyelikata lile shairi na kulitia koponi. Bibi anasema mkasi ulikuwa wa mama yake. Ushahidi wake ni ule ukingo wa kipande, ulionyooka pande tatu. Anayetafuta bibi zake asitegemee kurasa za habari na mashairi. Aende kwenye matangazo ya mirathi, ambako mjane na mabinti walilazimika kutajwa. Kwa wenye asili ya Kenya hilo ni rahisi zaidi, maana magazeti rasmi ya serikali yao, tangu enzi ya ukoloni, yameskaniwa kwa wingi na yanasomeka bure kwenye Google Books, na matangazo ya mirathi humtaja marehemu, mahali alipokuwa akiishi na anayeomba kusimamia mali yake.

Nilimsomea bibi majibu ya Lindi jioni moja barazani. Aliniomba nirudie ubeti wa jahazi mara mbili.

"Huyo aliyejibu alikuwa mtu wa kusini?"

"Ndiyo bibi. Lindi."

"Alikuja hapa mara moja. Alileta korosho kwenye kikapu. Tuliambiwa tumwite baba mkubwa, tukadhani ni heshima tu." Akanyamaza kidogo. "Baba alimpokea akalia. Hatukujua kwa nini mtu anafurahi hivyo halafu analia."

Kisha akaanza kughani, kwa sauti ile ile ya kuchambulia mchele, beti za baba yake tano, nami nikamtilia ule wa sita na wa saba, na alipofika mwisho akanyoosha mkono nimpe karatasi ya majibu. Macho yake hayakuweza maandishi yangu. Akaniambia niyaandike upya kwa herufi kubwa, beti moja kila ukurasa, na nisiikunje mara nne.

Niliikunja mara moja tu, ikaingia koponi.